Paipu ya Usukani Niliyoikata Leo

Silantoi mwanangu,

Ukirudi kutoka kwa bibi yako Koko utalikuta gari uani, boneti juu, na beseni langu la kufulia limekingwa chini yake. Kabla hujapiga kelele mtaa mzima wa Noonkopir ukatoka nje, keti hapo mlangoni usome. Hakuna mwizi aliyeingia. Fundi Mutinda alikuwa hapa, lakini hana kosa, usiende kumtukana mbele ya wateja wake. Ni mimi. Nimekata paipu ya usukani kwa kisu cha jikoni, tena nimeikata vipande vipande ili mtu yeyote asije na klipu zake akajaribu kuiunga.

Kesho hutaenda Loitokitok na gari la baba yako.

Nimelisema hilo mapema kwa sababu nakujua, unasoma barua kama unavyokula, unaanza na nyama. Sasa umeshaila. Yaliyobaki ni mchuzi, na nakuomba uumalize.

Najua nimekuvunjia nini. Baba yako mdogo Tipape amelinyoosha gari hilo bati kwa bati tangu lilipokokotwa kutoka kwenye mtaro, na wewe ulikuwa ukimshikia taa na kumletea chai. Zahanati unayoenda iko mbali na lami. Uliniambia mwenyewe kwamba mama akishikwa na uchungu huko hupandishwa pikipiki, mtu mbele na mtu nyuma, na wengine hawafiki. Ulilitaka gari kwa ajili yao. Kujionyesha kidogo kulikuwemo pia, maana nilikuona ukijipiga picha umeegemea mlango, lakini nani angekulaumu? Hata mimi ningepiga.

Mawaidha ya blanketi, maji ya kuchemsha na wanaume wa huko hutayakuta hapa. Wewe ni muuguzi, na una macho. Nataka kukueleza habari ya mafuta, na nakuandikia kwa sababu ningekuambia kwa mdomo ungesema, “Mama, wacha hiyo story, iliisha.” Unasema hivyo kila ninapofungua kinywa. Sikulaumu, ulijifunza kwetu.

Asubuhi, mlipoondoka tu na Tipape kwenda Kajiado, Mutinda alipita kuchukua maziwa yake. Nikamshukuru.

“Fundi, asante kwa ile paipu ya steering. Msichana ameniambia imeacha kumwaga.”

“Paipu gani, Mama Silantoi?”

“Ya gari. Si alikuletea juzi?”

“Mimi? Mimi sijaona hiyo gari tangu Tipape ailete niangalie taa. Labda alipeleka kwa fundi mwingine.”

Nilijua hapohapo. Nilifungua boneti, nikafungua kile kikopo cha mafuta ya usukani, nikanusa. Mafuta ya usukani ni mekundu na hayana harufu ya kumsumbua mtu. Haya yalikuwa yamechafuka, na yalitoa ile harufu kali inayoshika koo, ambayo sikuwa nimeinusa tangu mwaka ule. Nikapekua chini ya kiti cha nyuma nikaikuta chupa ya mafuta ya breki, imebaki nusu.

Ningependa kukuambia kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Niliketi kwenye vumbi na kanga yangu safi, na Mutinda akadhani ni presha, akaanza kunipepea na kifuniko cha ndoo ya maziwa. Hakuna fundi aliyekufundisha kumwaga mafuta ya breki kwenye usukani. Ulifundishwa na mama yako, ukiwa kidato cha pili, jikoni humu humu, na siku ile ulicheka ukanipigia makofi.

Wacha nikurudishe huko, ingawa hutaki.

Baba yako aliitwa Parsaloi. Kwetu marehemu hatajwi jina hivi hivi, na tangu tumzike hukunisikia nikilitamka, wala wewe hukulitamka. Leo naliandika kwa sababu habari hii ina mwenyewe.

Kabla hujaanza shule, Parsaloi alikuwa akichonga mawe kwenye machimbo hapa Kitengela. Jiwe lilimwangukia begani, upande wa kulia. Mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo mkono haukupanda kupita kifua. Ulimzoea hivyo, hukujua kwamba kuna baba wanaoweza kumrusha mtoto juu. Kwa bega hilo hakuna kazi ya mikono aliyoweza kuifanya, na kwa muda mrefu alikaa nyumbani akinitazama nikitoka na mitungi ya maziwa kichwani. Wewe unajua mwanamume wa Kimaasai anayelishwa na mke anavyoonekana mbele ya wenzake. Akawa mkali. Akawa hali chakula mpaka nimwombe.

Gari hilo jeupe ndilo lililomwinua. Lilikuwa kuukuu tangu siku tuliyolipata, milango haikufungwa bila kupigwa teke, lakini usukani wake ulikuwa na pawa. Ulizungushwa na kidole. Alikaa ndani mara ya kwanza, akauzungusha kulia na kushoto gari likiwa limesimama, kulia na kushoto, kama mtoto. Kisha akaniangalia akasema, “Mama Silantoi, kesho utakaa. Mimi ndio nitaleta maziwa.” Kuanzia hapo alikuwa akikusanya maziwa maboma ya huko nyuma ya Isinya, na mimi nikiuza hapa stendi. Zile ndizo siku nzuri tulizowahi kuwa nazo.

Halafu likaanza kuvuja. Tone jekundu asubuhi, mahali liliposimama. Nikawa nachungulia kile kikopo na kuongeza mafuta, kidogo tu, na kila mara tunasema tutalipeleka kwa fundi tukimaliza msimu wa maziwa mengi. Siku moja tuko njiani kutoka Isinya, mitungi imejaa, jua limewaka, usukani ukaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje. Mafuta mekundu yalikuwa yameisha. Kwenye buti kulikuwa na chupa ya mafuta ya breki.

Parsaloi akasema, “Hiyo si ya hapo.”

Nikamwambia, “Mafuta ni mafuta. Maziwa itaharibika.”

Nikamwaga. Kelele zikaisha. Nikaongeza tena kesho yake, na tena. Baada ya siku chache nikaenda asubuhi kuangalia chini ya gari, nikakuta pakavu. Silantoi, nilijiona nimevumbua dawa! Niliwahadithia wanawake wote wa maziwa, wakaniita Fundi. Nilikuhadithia wewe hapa jikoni nikiigiza uso wa baba yako, ukacheka hadi ukashika mbavu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibe na nini.

Baba yako hakucheka. Aliniambia mara mbili tulipeleke kwa fundi. Mara ya pili nilimjibu, na jibu hilo nalikumbuka neno kwa neno: “Kitu imenyamaza, unaipeleka kwa fundi kufanya nini? Ama unatafuta tu sababu ya kukaa na wanaume gereji?” Nilimsema mbele ya mteja. Hakurudia tena.

Leo nimemuuliza Mutinda jambo ambalo sikuthubutu kumuuliza fundi yeyote miaka yote hii. Ameing’oa ile paipu uliyoitibu wewe, akaniwekea mkononi. Ilikuwa imevimba, laini, ukiibonyeza kidole kinaingia. Akanieleza kwamba mpira wa mfumo huo haujui mafuta ya breki. Unayanywa, unavimba, ule uvimbe unabana nyufa, na ndiyo maana kuvuja kunaacha. Mtu anafurahi. Wakati huo paipu inaoza kutoka ndani, na siku ukikata kona kwa nguvu, pampu ikasukuma kwa presha yake yote, inapasuka.

“Haikuwa imepona,” akasema. “Ilikuwa inakufa pole pole.”

Siku ile tulikuwa tunaelekea Kiserian, sokoni, kumtazama mtamba. Mimi nilikuwa kando yake. Hapo barabara inaposhuka na kupinda, punda wakavuka. Hakuwa akienda kasi. Watu walisema alikuwa akienda kasi, na nilikaa kimya wakasema, lakini haikuwa kweli. Alikata kushoto kuwakwepa, nikasikia kitu kimepasuka mbele yetu, moshi ukatoka kwenye boneti kwa sababu mafuta yalimwagikia ekzosi. Baba yako akasema bila kupaza sauti, “Imekuwa nzito.”

Mtu mwenye mabega mawili angelirudisha gari lile barabarani. Usukani uliokosa pawa ni mzito, lakini unazunguka. Parsaloi alikuwa na bega moja. Niliuona mkono wake wa kulia ukijaribu kupanda na kukataa. Nikaushika usukani naye, tukavuta pamoja, na nilijua, Silantoi, nilijua tukiwa bado hatujafika kwenye mtaro. Kilichonijia kichwani si Mungu wetu Enkai wala si wewe. Ni ile chupa.

Mimi nilitoka na kovu hili la kidevu unaloliona. Yeye umelisoma kaburi lake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, na si lile la barabarani. Lile lilikuwa ujinga. Baada ya mazishi niliwaita ndugu zake kule Kajiado, nikasimama mbele yao, nikaanza kusema nilichomwaga. Tipape alininyanyulia mkono. Akasema, “Mke wa ndugu yangu, jina lake tumelizika. Tukianza kumchimbua hatutalala.” Wazee wakaitikia. Mmoja akasema ni Enkai ametoa na Enkai ametwaa. Koko akanishika akanikalisha chini.

Na mimi nikafurahi. Ndiyo, andika hivyo moyoni mwako kuhusu mama yako. Nililia machozi ya kweli, na chini ya machozi nilikuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa lango. Hawakunikataza kwa ubaya. Walinihurumia. Lakini mimi nilijua tofauti kati ya kuheshimu marehemu na kujificha nyuma yake, nikachagua kujificha, na desturi yetu nzuri nikaifanya blanketi. Nilipomaliza kulia nilikuwa mjane tu, maskini wa Mungu, watu wakiniletea sukari. Ningesisitiza ningekuwa mwanamke aliyemuua mumewe kwa ubishi. Sukari ilikuwa tamu zaidi.

Kwa hivyo wewe ulibaki na nusu ya hadithi. Ulijua mama alimwaga mafuta ya breki na gari likanyamaza. Ulijua baba alikufa kwa sababu usukani ulikataa. Hakuna aliyekuambia kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Ukaja ukakua, ukapewa gari lile lile, ukaona tone jekundu chini yake, ukakumbuka jikoni mama alivyosema. Ulinidanganya kwamba umelipeleka kwa Mutinda, sawa, hilo tutagombana siku nyingine. Ulitaka kunionyesha tu kwamba wewe pia ni fundi.

Nimekuwa nikipiga hesabu ya barabara yako tangu asubuhi. Barabara kuu na malori yake, halafu ukifika Emali ukate kulia, halafu zile kona. Ungekuwa peke yako. Au ungekuwa na mama mjamzito kwenye kiti cha nyuma. Nimekuona ukikata kona mara nyingi sana leo, na kila mara naona mikono yako.

Sikutaka kuikata hiyo paipu. Nilitaka itengenezwe. Nilimwambia Mutinda aweke mpya uondoke kesho kama ulivyopanga. Akakuna kichwa. Akasema paipu ziko mbili, ile inayorudisha mafuta haina presha, hiyo unaweza kuifunga na klipu ukaishi nayo. Ile nyingine ndiyo yenye presha, hiyo lazima ibanwe vichwa vya chuma na mashine, na mashine iko Nairobi. Tena si paipu peke yake. Mpira wowote uliogusa yale mafuta umeharibika, kuanzia kwenye pampu mpaka chini kwenye reki inayogeuza magurudumu. Ni kufungua kila kitu, kuosha, kubadilisha. Kazi ya siku nyingi.

Kisha akaniona uso wangu, akanihurumia. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu nimeshahurumiwa kabla. Akasema, “Lakini Mama, msichana asikose kazi. Naweza kata hapa penye imelainika, niweke kipande kingine na klipu nne. Nimefanyia watu wengi. Itamfikisha.”

Itamfikisha. Nilikuwa nimeshaanza kukubali, Silantoi, ujue hilo. Niliona furaha yako ya asubuhi, nikaona picha zako, nikasikia kinywa changu kikitaka kusema sawa, fundi, fanya hivyo, akifika huko atatafuta mwingine. Nikajua kwamba nikibaki na hiyo paipu nzima mpaka jioni, Mutinda atakuwa mwema, wewe utalia, Tipape atasema tusikuze mambo, na mimi nitakubali. Nikaenda jikoni nikachukua kisu. Mutinda alishtuka, akarudi nyuma. Nilimwambia asiogope, si yeye.

Mpira uliooza haukatiki kwa taabu. Ulikatika kama maini.

Wewe uliwahi kuniambia, ukiwa bado kwenye mafunzo, kwamba mtoto anayelia wodini hakupi hofu, unamwogopa yule aliyekuwa akilia akaacha bila kupewa chochote. Nilikuitikia tu huku nikipima maziwa. Unajua kazi yako vizuri kuliko ninavyojua yangu. Sina la kukufundisha juu ya wagonjwa. Ninachokuomba ni uwe hivyo hivyo na watu wanaokupenda. Watakunyamazisha kwa upole. Watakuambia ya Mungu mengi, usijilaumu, wacha hiyo story. Ukikosea huko, na utakosea kwa sababu una mikono na usiku utakuwa mrefu, simama ulimalize neno lako hata wakikuvuta kanga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwangu kifo hakikuniumbua mimi. Kilikwenda kwa mwingine, na kilikuwa kimeanza kukutafuta wewe.

Sijui utanitazamaje ukimaliza kusoma. Nimejaribu kukisia na nimeshindwa. Labda utaniita muuaji wa baba yako. Neno hilo nimeshajiita, halitanishangaza, ingawa litaniuma likitoka kwako kwa sababu una sauti yake. Labda hutasema kitu, na hilo ndilo ninaloliogopa. Nyumba hii imekaa kimya vya kutosha. Ukitaka kuvunja sufuria, vunja. Tipape nitamweleza mwenyewe leo mkifika, mlangoni, na safari hii akininyanyulia mkono nitaushusha.

Kesho utapanda gari la abiria kama watu wengine, na masanduku yako yatafungwa juu na kamba. Utafika umepigwa na vumbi, utachelewa, na wenzako watakuuliza lile gari liko wapi. Waambie mama yako ni mwendawazimu. Gari litafunguliwa lote na Mutinda, mpira kwa mpira, na mimi nitakaa kwenye debe hapo kando nikimtazama kila siku mpaka achoke na mimi. Likiwa tayari nitalipanda mwenyewe nije nalo huko, zile kona zote, kabla wewe hujaligusa.

Na usiondoke asubuhi ukijilazimisha kunikumbatia kwa sababu ya macho ya majirani. Ondoka na hasira yako yote, uibebe, usiache hata kidogo hapa. Ukishuka Loitokitok, kabla hujanywa hata maji, nipigie simu unigombeze. Nigombeze mpaka kredo iishe. Sitajitetea. Nitakuwa nimekaa na simu mkononi tangu uondoke, nikingoja kusikia tu kwamba bado una pumzi ya kunitukana.

Mama yako